Jirani wa Ghorofa ya Tano

Kila Jumapili saa tatu asubuhi, kahawa ikiwa bado ya moto, Rumena Chakalova alifungua ukurasa wake wa mtandaoni na kumwaga humo vituko alivyookota wiki nzima. Paka aliyelala ndani ya sanduku la kura. Benchi la bustani lililopigiliwa misumari likitazama ukuta. Kibao cha kijijini kinachowaomba wapita njia wasimlishe punda kwa kuwa daktari amekataza. Baada ya vituko zilifuata habari za Gancho, na hizo ndizo zilizowaleta wasomaji hasa.

Gancho ni konokono wa katuni, tarishi wa posta, mwenye kofia ya buluu kichwani na mkoba wa barua juu ya gamba. Filamu zake zilikuwa kumi na mbili tu, za dakika nane nane, na zote ziliishia pale pale: Gancho anafika mlangoni wakati kila kitu kimekwisha kuharibika, anavua kofia na kusema, "Nimechelewa, lakini nimefika." Watu wazima wenye wajukuu na shinikizo la damu walikuwa bado hawajamaliza kumpenda konokono huyo. Rumena aliwaletea habari zake: mwigizaji aliyempa sauti ametimiza miaka themanini, mkebe wa biskuti wenye sura yake umeonekana darini kwa mtu, televisheni itamrudisha saa kumi na moja alfajiri, saa ambayo hata yeye mwenyewe asingekuwa ameamka.

Rumena alikuwa na miaka hamsini na miwili. Siku za kazi alipima macho na kuuza miwani katika duka moja mjini Vratsa. Jioni alipanda ngazi hadi ghorofa ya tano, akafungua mlango wake na kuufunga. Mlango wa mbele yake ulikuwa wa akina Tomovi, waliohamia Uhispania miaka tisa iliyopita wakaacha zulia la kufutia miguu. Rumena alilikung'uta zulia hilo kila Pasaka. Hakuna aliyemtuma, ila aliona vibaya kuliacha.

Wasomaji wake walikuwa mia kadhaa, wengi wao watu wa kupita. Wa kudumu alikuwa mmoja, aliyejiita Jirani wa Ghorofa ya Tano. Miaka saba huyo Jirani alikuwa wa kwanza kuandika chini ya kila Jumapili, na aliandika maneno yale yale: "Nimechelewa, lakini nimefika." Kila Ijumaa alimtumia Rumena kituko kimoja alichokiona yeye, na benchi linalotazama ukuta lilikuwa lake. Majina hawakuulizana. Rumena alimwona kichwani kama mstaafu fulani wa mjini, katika jengo refu kama lake, mwenye ua la jeranio dirishani. Siku Rumena alipotimiza miaka hamsini, Jirani alimchorea Gancho kwa mkono wake, akampa konokono miwani ya duara. "Kwa fundi wa macho," aliandika pembeni. Rumena hakuuweka mchoro ule ukurasani. Ulikuwa wake peke yake, na vitu vya namna hiyo hakuwa navyo vingi.

Mwezi wa tatu Jirani hakuonekana Jumapili moja, halafu ya pili. Mtu mwingine angeandika mstari mmoja kuuliza, "Vipi, u mzima?" Rumena hakuuliza, alinuna. Alijiambia kwamba mtu akikuchoka ana haki ya kukuchoka, na kwamba yeye si wa kumbembeleza mtu asiyemjua hata jina. Alinuna kama wanavyonuna watu wanaoishi peke yao, kwa bidii na bila shahidi.

Ijumaa ya tatu ikaja picha kutoka kwa mtu mgeni, bila neno lolote. Ilikuwa picha ya tangazo la kifo, yale yanayobandikwa kwenye mageti, nguzo na vituo vya basi, yenye msalaba juu na mpaka mweusi. Mahali pa sura ya marehemu palikuwa na Gancho. Chini yake, kwa herufi nene, paliandikwa: "Alichelewa, lakini amefika." Mengine yalimezwa na mwanga uliogonga karatasi ya nailoni iliyofunika tangazo.

Rumena alicheka hadi kahawa ikamwagika. Mashabiki wa Gancho walikuwa na mchezo wao huo: kila mwaka, katika kumbukumbu ya siku televisheni ilipomwondoa konokono, walitengeneza matangazo ya msiba wake, kila mtu akijaribu kumpita mwenzake. Hili lilikuja mapema, lakini lilikuwa zuri kuliko yote. Akaliweka juu kabisa Jumapili ile, akaandika, "Huyu sasa amefika kweli," na yeye mwenyewe akabandika kisura cha kwanza cha kucheka. Hadi jioni walikuwa wamecheka watu mia mbili na kumi na wanne. Ukurasa ule haukuwahi kuchekesha hivyo. Jirani hata siku hiyo hakuja, na Rumena aliwaza, kwa uchungu kidogo, kwamba shauri yake, amekosa uhondo.

Jumatano mteja mmoja shabiki alimwomba amchapie tangazo lile kwa ukubwa wa kutundikwa. Rumena akaifungua picha kwenye kompyuta ya dukani, akaikuza na kuupunguza ule mwanga ili maandishi yasomeke. Kitu cha kwanza kujitokeza kilikuwa miwani. Miwani ya duara, juu ya macho ya Gancho, na Gancho hajawahi kuvaa miwani katika filamu yoyote. Kisha yakatokea maandishi. Stoimen Vulkov, miaka hamsini na minane, kijiji cha Dolna Kamenka. Chini kabisa, pale familia inapotaja majina yake, paliandikwa: "Mama yake Tsona, na marafiki zake wa Jumapili."

Rumena, mtu mzima aliyekuwa akiwapima wengine macho mchana kutwa, alikaa sakafuni nyuma ya meza ya duka. Mteja alimuuliza kama sukari imeshuka. Rumena alisema ndiyo, sukari.

Aliifuta picha ukurasani, akaandika ukweli, akamjibu yule mgeni aliyeituma. Alikuwa Gina, mwanamke anayeleta posta Dolna Kamenka mara mbili kwa wiki. Gina aliandika kwamba moyo wa Stoimen ulisimama tu, akiwa anapasua kuni. Picha zake hazikuwapo, kwa kuwa hakupenda kupigwa, hivyo mama yake aliamua iwekwe ile aliyoichora mwenyewe. Mama ndiye aliyemwomba Gina aipeleke kule Stoimen alikokuwa akipeleka vitu vyake kila Ijumaa, marafiki wapate habari. Gina alikuwa amemwambia kwamba marafiki mia mbili na zaidi wamejibu. Walijibu nini hakumwambia. Mama sasa anajiandaa kwa siku ya arobaini, Jumamosi baada ya Pasaka, na anawangoja.

Rumena aliwatangazia wote: siku, saa, basi la kupanda. Waliandika pole, wakaweka viganja vilivyounganishwa na mishumaa ya kuchora. Mmoja yuko Ujerumani. Mwingine gari lake liko kwa fundi. Mwingine alisema atakuwa nao kiroho, na Rumena, ambaye kwa kawaida ni mpole, alimtukana peke yake pale jikoni.

Jumamosi ile alipanda treni, kisha basi, akashuka yeye tu. Tangazo la Stoimen lilikuwa kituoni, lilikuwa kwenye nguzo, lilikuwa kwenye geti la nyumba ya chini yenye mizabibu uani. Chini ya mizabibu palikuwa na meza tatu zilizounganishwa, na juu yake vikombe vidogo vya plastiki vya ngano iliyochemshwa, ile ya kumkumbuka marehemu, yenye sukari na kokwa za jozi zilizosagwa. Vilipangwa mistari hadi mwisho wa meza, vikafunikwa shuka kwa sababu ya nzi. Gina wa posta alisimama karibu na baiskeli yake. Mama Tsona, mwanamke wa miaka themanini na kitu, mwembamba, kitambaa cheusi kichwani, alimpokea Rumena kwa mikono miwili na kutazama nyuma yake, barabarani.

"Wengine wanakuja na basi lipi?"

"Nimekuja peke yangu, mama."

Kikongwe alitikisa kichwa kama aliyeambiwa bei ya kitu. Alilivuta shuka, akalinyoosha mahali ambapo tayari limenyooka. Kisha akasema kwamba si kitu, mbali ni mbali, cha muhimu walijibu. Hakumwachia Gina amsomee, alitaka kuyasikia kwa wenyewe.

"Niambie basi, mwanangu. Waliandika nini?"

Gina alianza kukagua mnyororo wa baiskeli. Rumena alikuwa ametunga jibu tangu stesheni ya Vratsa, jibu zuri, lenye machozi na maneno ya heshima, na lilikuwa limekaa tayari mdomoni. Aliitazama ile meza ndefu. Akaona kwamba akilitoa, atakuwa amemcheka Stoimen mara ya pili.

"Walicheka, mama. Walidhani ni utani. Mimi ndiye niliyeliweka tangazo kama utani, na mimi nilicheka wa kwanza."

"Wote walicheka?"

"Wote."

Mama Tsona alikaa kwenye benchi. Alimfukuza nzi mmoja kwa mkono. Rumena alisimama akingoja kutukanwa, akitamani kutukanwa.

"Jumapili alikuwa ananiambia," kikongwe akasema, "mama, leo kituko changu kimechekesha watu sita. Siku ya watu sita alikuwa anamaliza sahani." Akasogeza kikombe kimoja kikae sawa kwenye mstari. "Mia mbili hajawahi kuwapata."

Hapo Rumena alilia, kwa sauti, kama mtoto aliyeanguka, na mama wa marehemu ndiye aliyempa leso.

Baadaye, walipokuwa wanakula, Rumena aliiangalia ile nyumba: vyumba viwili, paa la vigae, kizingiti kinachogusa nyasi. Akauliza Stoimen aliwahi kuishi mjini wapi, katika jengo gani.

"Mjini? Hajalala nje ya kijiji hiki tangu atoke jeshini."

"Alijiita Jirani wa Ghorofa ya Tano. Nilidhani anaishi ghorofani."

"Sisi hatuna hata ngazi," alisema Mama Tsona. "Hiyo ni habari ya yule mwanamke. Stoimen alinisomea siku moja. Kuna mwanamke mjini, anaishi ghorofa ya tano, mlango wa mbele yake watu wamehama, na kila Pasaka anakung'uta zulia lao. Stoimen akasema, basi pale nitakaa mimi." Akamtazama Rumena. "Ni wewe?"

Rumena alikumbuka. Aliyaandika hayo mwaka wa kwanza, mistari miwili mitatu, kwa mzaha, Jumapili moja ambayo vituko vilikuwa haba. Hakuna aliyesema lolote siku ile. Jumapili iliyofuata Jirani alitokea kwa mara ya kwanza.

"Ni mimi," alisema.

Kijiji kizima kilikuwa na watu thelathini. Yeye na Gina walipita geti kwa geti wakigawa ngano, na kila aliyepokea alisema "Mungu amsamehe," kama ipasavyo. Iliyobaki Mama Tsona alikataa isimwagwe. Aliipanga katika maboksi mawili, na Rumena akaigawa ndani ya basi, kisha ndani ya treni, behewa kwa behewa. Wanajeshi walipokea, na wanafunzi, na mkaguzi wa tiketi. Wengine waliuliza marehemu alikuwa nani yake. Alijibu kila mmoja, na kila mara jibu lilikuwa fupi mno.

Alifika nyumbani jua halijashuka, na vikombe viwili mkononi na tangazo moja alilomwomba Mama Tsona. Hakufungua mlango wake. Alikwenda ule wa mbele, akalibandika tangazo katikati, kama ilivyo desturi kwenye mlango wa marehemu, akalilainisha pembe kwa kidole. Mzee Asparuh wa ghorofa ya tatu, aliyejipa kazi ya kulinda ngazi za jengo zima, alisikia utepe unakatwa akapanda kuchunguza.

"Nani kafa hapo? Hapo hapana mtu tangu akina Tomovi waondoke."

"Jirani yangu," alisema Rumena.

"Jirani gani wewe? Ningemjua."

"Miaka saba alikaa hapa. Sikumgongea hata siku moja."

Mzee alimtazama konokono mwenye miwani, akamtazama Rumena, akafungua mdomo aendelee kubisha. Rumena akamwekea kikombe mkononi. Mzee Asparuh alikitambua kikombe hicho ni cha nini. Alivua kofia, akasema "Mungu amsamehe," akashuka polepole, akishikilia chuma cha ngazi.

Rumena alibaki kati ya milango miwili. Aliweka kikombe cha mwisho juu ya zulia la kufutia miguu, akainuka, akagonga mara mbili, taratibu, kama unavyomgongea mtu ambaye huenda amelala.

"Nimechelewa," alisema, na yaliyobaki hayakutoka.