Upande wa Kipriani

Nani alimwona Maximilla siku ile barazani kwa Gharibu, mshona magodoro wa Kasulu, asicheke? Siku ya soko, mchana kweupe, mwanamke mzima, mke wa mtu, amejilaza ubavu juu ya godoro ambalo hata kitambaa halijavishwa, springi zinamchungulia kutoka chini. Kando yake, mahali pa mume, limelazwa gunia la maharage. Na mzee Gharibu mwenyewe amepiga magoti, kofia ya mkono imemkaa upande, uso umemkaza kama daktari.

"Mama, pitisha kiganja hapo kiunoni, kati yako na godoro. Kinapita?"

"Kinapita."

"Kinapita chenyewe au unakisukuma?"

"Nakisukuma kidogo."

"Basi hapo hapo. Kikipita chenyewe, godoro gumu, kiuno kinaning'inia. Kikigoma, godoro limeshakumeza. Sasa geukia huku, tuone kama gunia litatikisika."

Maximilla akageuka, gunia halikutikisika, na wauza ndizi wakapiga vigelegele. "Hongera, bibi harusi!" akapayuka mmoja. "Bwana amenenepa huyo!" Maximilla akacheka nao, lakini alipoinuka alilitazama lile gunia zaidi kidogo kuliko inavyostahili maharage. Gharibu alikuwa amemuuliza mumewe ana uzito gani, na yeye, mke wa ndoa ya kanisani, alikuwa hajui tena. Alikumbuka kicheko chake, alikumbuka mwanya wa meno ya mbele, ila uzito wake ulikuwa umemtoka. Ndipo akasema, weka gunia, maana uzito wa gunia aliujua, alikuwa akilibeba peke yake.

Maana huyo mumewe, Kipriani, aliondoka kijijini Kitanga kwenda Tanga kukata mkonge wakati bendera ya Uhuru ingali mpya. Mkataba mmoja tu, alisema, halafu narudi na mabati ya nyumba. Vijana wa Kiha walikuwa wakienda hivyo tangu enzi za baba zao. Wengi walirudi, wengine waliishia huko huko. Mkataba ukaisha, ukaja mwingine. Mwanzoni zilikuja salamu, zikaja kanga, mara moja ikaja redio mbovu. Halafu kimya. Mtoto hawakujaliwa, kwa hiyo hata wa kuuliza baba anarudi lini hakuwamo ndani. Operesheni ya vijiji ilipofika, Maximilla akahamishwa kilimani akaletwa kando ya barabara, akajenga upya kwa mikono yake, na ukutani akapigilia msumari wa kutundikia kofia ya mtu ambaye hajui hata mlango wa nyumba hiyo umeelekea wapi. Upweke ulikuwa unamla, tusidanganyane. Jioni alisonga ugali wa watu wawili, mkono umezoea, na asubuhi kiporo kikawa cha kuku.

Sasa mwaka huo, sabini na sita, akarudi jirani yao Nestori kutoka huko huko mkonge.

"Shemeji, mumeo anakuja," akamwambia. "Mvua zikikatika tu. Lakini jiandae, mgongo wake umekwisha. Kazi ile ni kuinama na kubeba, kuinama na kubeba. Usiku akilala kwangu hasinzii, anageukageuka mpaka jogoo."

Mwingine angesikia hapo habari ya ugonjwa. Maximilla alisikia habari ya kitanda. Mtu asiyepata usingizi mahali hakai mahali hapo, alijiambia, na akiupata hang'oki. Kitanda chake yeye kilikuwa cha miti, majani makavu ya migomba na mkeka juu. Kipriani akilala pale usiku mmoja na mgongo ule, kesho yake atatafuta basi. Akilala vizuri, atabaki. Hesabu yake ilikuwa hiyo tu, na aliishikilia kwa mikono miwili.

Alianzia dukani kwa Abbasi, aliyekuwa na godoro la sponji limetundikwa mlangoni kama bendera. Maximilla akalibonyeza kwa ngumi, ngumi ikafika upande wa pili. "Hili andazi," akasema, akatoka. Ndivyo alivyofika kwa Gharibu.

Gharibu alikuwa mtu wa pwani, aliyeletwa Kasulu na biashara ya kaka yake akasahaulika hapo. Springi alizing'oa kwenye magodoro ya mzungu mmoja aliyerudi kwao. Alizinyoosha moja moja, akazipanga kwenye fremu ya mbao, akazifunga kila moja na jirani zake kwa kamba, ili mmoja akigeuka mwenzake asijue. Juu ya springi akatandaza gunia. Sufi alikuwa nayo tele, imetoka Ujiji, ameichambua mbegu mpaka ikawa inaruka ukiongea karibu yake. Maximilla akadhani kinachofuata ni hiyo sufi.

"Haraka ya nini?" Gharibu akamwambia. "Sufi peke yake juu ya chuma ni urembo. Msimu mmoja tu, springi zinakuchoma mbavu. Hapa katikati panataka kitu chenye nguvu." Akaenda uani, akarudi amebeba robota la katani, nyuzi za mkonge, nyeupe, singa ndefu kama mkia wa farasi. Alikuwa ameletewa na ndugu zake kwa gari moshi.

"Imetoka wapi?" Maximilla akauliza.

"Tanga."

Jamani, yule mama alivyofurahi! Akazishika zile singa, akazinusa, akacheka mpaka machozi. "Pengine kaikata yeye mwenyewe," akasema. Mkonge ulimchukua mume wake, na sasa mkonge ungembebea mume wake mgongo. Aliona ni haki yake kabisa. Akamwambia fundi atie nyingi, asibane mkono, nyingi zaidi upande wa mbele, maana mwanamume hulala mbele na mke ukutani. Malipo walikwisha kuelewana, asali na maharage, likiwemo lile gunia lililokuwa mume.

Kipriani alishuka kwenye basi mvua zilipokatika, kama alivyosema Nestori. Maximilla alimpokea kwa salamu ya kwao, ile ndefu ya kupiga makofi na kuinama, inayouliza habari za kila kitu mpaka za ng'ombe. Kipriani akajibu, "Sijambo, mama. Habari za hapa?" Kwa Kiswahili, mara moja, kama mtu anayejibu mpangishaji. Kisha akashtuka, akatafuta Kiha chake, akakipata kidogo kidogo. Alikuwa amekonda. Gunia la maharage lingemgawia uzito na likabaki na wake.

Maximilla hakutaka kuyaona hayo. Alimwonyesha msumari, akamtundikia kofia yake, akamwonyesha godoro.

Kipriani alilikalia, akalibonyeza, akasema, "Hili la wakubwa hili." Akalala. Na Maximilla, ukutani, alijua kuwa halali, ingawa springi za Gharibu hazikumwambia kitu. Alijua kwa pumzi. Kipriani alikuwa ananusa. Alikuwa anavuta harufu ya godoro, anaiachia, anaivuta tena. Alfajiri alimkuta sakafuni, juu ya mkeka, macho makavu. Usiku wa pili hivyo hivyo, na uliofuata.

"Springi zinakuumiza?" akamuuliza.

"Hapana. Godoro zuri."

"Sasa nini?"

Kipriani akatazama pembeni. "Harufu. Humu ndani mna katani."

Maximilla akajipiga paja. Ah, mjinga mimi! Mtu ametoka kwenye miiba ile, ile kazi imemvunja mgongo, na mimi namlaza juu yake! Nimemwekea adui yake kitandani, halafu namuuliza kwa nini halali. Hakusema kwa sauti, ila uso ulimwiva kwa aibu.

Kesho yake Kipriani akapanda kilimani kulitazama kaburi la mama yake. Mumewe alipopotea tu kwenye migomba, Maximilla akachukua kisu, akafumua godoro upande wote wa mbele, akaingiza mkono akaanza kuvuta. Katani ikatoka, na kutoka, na kutoka. Akafumua na upande wake mwenyewe, isibaki hata singa moja. Yote akaitupa nyuma ya jiko. Mahali pake akapanga majani makavu ya migomba, akayafunika kwa gunia kuukuu, akarudisha sufi, akashona kwa shazia, ile sindano kubwa, aliyoazima kwa jirani. Vidole vilitoka damu, naye alikuwa anaimba. Leo atalala, alisema. Leo atalala, na akilala amekaa. Akajitwika mtungi akaenda kisimani.

Aliporudi alisikia mkoromo.

Alitua mtungi akaufuata. Nyuma ya jiko, juu ya lundo la katani, Kipriani alikuwa amelala. Amelala fofofo, mdomo wazi, magoti ameyakunja, ule mgongo uliokwisha umetulia tuli. Mara ya kwanza tangu aje. Maximilla alitaka kucheka, na kicheko kilifika kooni kabisa. Kisha akaona mikono yake. Alikuwa ameikusanya katani kifuani, ameukumbatia mzigo mzima, uso ameuzamisha humo, jinsi mtoto anavyolalia nguo ya mama yake aliyesafiri. Hakuna mtu anayemlalia adui hivyo.

Maximilla akakaa chini kwenye vumbi. Moyo ulimuuma waziwazi, kama jino. Miaka yote ile alidhani anamngojea mtu aliyeko ugenini, kumbe mtu yuko kwao, na ugenini ni hapa.

Inzi walikuwa wanamsumbua mumewe usoni. Akavua kanga ya juu akamfunika, akangoja.

Kipriani alipoamka alimkuta hapo. Akajinyanyua upesi, singa zimemganda kwenye ndevu.

"Anaitwa nani?" Maximilla akauliza.

"Nani?"

"Usinifanye mtoto, Kipriani."

Kipriani akabandua singa ndevuni. "Kuruthumu."

"Kuna watoto?"

"Wawili."

"Mnalalia nini?"

Hilo Kipriani hakulitegemea. "Katani. Yale mabaki ya kiwandani. Tunajaza kwenye gunia."

"Na unalala?"

"Nalala."

Maximilla akaanza kuzichambua singa kwenye kanga yake, moja moja. "Ungeniambia mlangoni," akasema. "Ungesimama pale pale barabarani na mzigo wako, ukaniambia. Ningekutukana, ningelia, watu wangetoka kutazama, yangekwisha. Kwa nini uliingia?"

"Nilikuja kukuambia," Kipriani akasema. "Wallahi, nilikuja kwa hilo tu. Nikakuta umeshatandika."

Basi. Hawakupigana, hawakuitana mbele ya wazee. Maximilla aliishindilia ile katani kwenye gunia akalifunga mdomo kwa kamba, na siku ya basi akalitupa miguuni pa mwenye nalo. "Ondoka nayo," akamwambia. "Sitaki kuiona humu." Kipriani akaipakia juu ya basi. Kofia aliisahau kwenye msumari, au aliiacha, hilo Maximilla hakuwahi kupata wa kumuuliza.

Jirani walipouliza, alisema mume amerudi kumalizia mkataba.

Msimu uliofuata Gharibu alipita Kitanga kutafuta asali, akabisha hodi kuiona kazi yake, kama fundi yeyote anayejipenda. Maximilla akamkaribisha. Mzee akabonyeza godoro upande wa ukutani, akasikia majani yanachakarisha, akakunja uso. Akabonyeza tena, springi ikamgonga kiganja.

"Mama! Katani yangu iko wapi?"

"Nilitoa."

"Lakini nilikuambia! Huku ukutani chuma kimekwisha kutokeza. Springi hazikuchomi?"

"Zinanichoma."

"Mbavuni?"

"Mbavuni, na hapa kwenye nyonga. Asubuhi nanyanyuka na alama."

Gharibu akazunguka, akabonyeza upande wa mbele. Ulikuwa umesimama vilevile, kitambaa kinang'aa mistari yake, hauna hata bonde. Mzee wa watu akacheka kwa kushangaa. "Sasa mateso ya nini? Huku kuzima kabisa, kama jana. Sogea huku ulale. Au tuligeuze, kichwani kuwe miguuni, dakika moja tu." Na mikono yake ikashika pembe ya godoro, tayari kunyanyua.

Maximilla akaweka kiganja juu ya godoro, akalikandamiza.

"Acha, fundi," akasema. "Huo upande wa Kipriani."

Gharibu akaitazama kofia msumarini, akamtazama mama, akaiachia pembe taratibu. Maximilla akainama, akalinyoosha shuka upande ule wa mbele, ingawa haukuwa na mkunjo wowote.