Mahame Yenye Moshi

Kazi yangu ni kuyapa vyeo majina ya mahali. Mradi wetu wa kumbukumbu za Shinyanga una orodha ya maneno yaliyokubaliwa: mlima, mto, mgodi, kitongoji, mahame, yaani mahali palipohamwa na watu. Jina likija nalipachika neno moja kati ya hayo, basi. Asiyetaka na atunge orodha yake.

Nilikotiwa adabu ni Mwandaki. Watu wake walifuata dhahabu Mwakitolyo, akabaki Bibi Zipora na nyumba yake. Orodha inasema kitongoji ni nyumba mbili au zaidi zenye watu. Nikamweleza kwa upole, huku nikitafuna michembe yake ya viazi vitamu vilivyokaushwa, kwamba Mwandaki itaingia kama mahame.

Bibi akautazama moshi uliokuwa ukitoka jikoni kwake, kisha akanitazama mimi.

"Mahame hukaa fisi, mwanangu. Hiyo michembe umepikiwa na fisi?"

Nilicheka peke yangu. Bibi alikuwa ameumia. Alisema wanawe wako machimboni, na siku dhahabu itakapowakataa watarudi nyumbani. Ofisi ikishaandika kwamba hakuna nyumbani, watarudi wapi? Nilimwonea huruma kwelikweli, lakini huruma haimo kwenye orodha. Nikamwambia ingepatikana nyumba ya pili tu, ingetosha.

Aliyenileta, mzee Bujiku, mgane wa ng'ambo ya mto, akakohoa. Miaka nenda rudi amekuwa akimposa Bibi Zipora, na Bibi akimrudisha na ng'ombe wake. Akasema kwa unyenyekevu kwamba yeye yuko tayari kuhamia hata leo. Nikamkata kauli: akihamia nyumba ileile, nyumba inabaki moja. Utaratibu ni utaratibu.

Hapo ndipo Bibi alipotabasamu.

Baada ya mavuno akaniita. Nikakuta nyumba mpya ya Bujiku imesimama ng'ambo ya njia, bati linang'aa, mlango unatazamana na mlango wa Bibi. Nikawapa hongera ya ndoa.

"Ndoa ipi?" Bibi akauliza. "Tukioana si tutarudi kuwa mahame?"

Bujiku alinitazama kama mtu aliyeporwa sokoni mchana. Nikachagua kitongoji, nikahifadhi, nikaaga haraka.

Siku hizi nawasumbua wakubwa zangu waibadilishe orodha, hata nyumba moja yenye moshi ihesabiwe. Bujiku hunipigia simu kila Jumapili, akitoka kanisani, kuuliza wamefikia wapi.