Nukta Moja ya Bomba

Bosi alijumlisha jedwali langu kwa simu yake, kisha akanitazama kama mtu aliyeibiwa.

"Binti, kaya zinazotumia bomba, asilimia arobaini na moja nukta mbili. Kisima, thelathini na tano nukta tatu. Mto, ishirini na tatu nukta nne. Hiyo ni tisini na tisa nukta tisa. Mbona chini umeandika mia?"

Nilikuwa hoi. Nilimweleza tena kwamba programu hujumlisha namba kamili kwanza, ndipo hufupisha desimali za kila mstari. Vipande vilivyokatwa havijapotea, havionekani tu.

"Mteja hataki somo. Ongeza nukta moja kwenye bomba, kama mwenzako anavyofanya siku zote."

Mwenzangu, meza ya pili, aliinamia kikombe chake. "Dada, ongeza tu twende nyumbani. Nukta moja inamuuma nani?"

"Wanaochota mtoni. Mwaka jana uliongeza, ripoti ikasema bomba limewafikia wengi zaidi, na hakuna aliyechimba hata mtaro wa kuwapelekea wao bomba."

Alicheka kidogo.

"Basi mwandikie mteja umwombe radhi kwa jedwali bovu," alisema bosi. "La sivyo mkataba wako mpya sisaini."

Niliandika mstari mmoja chini ya jedwali: jumla inaweza kutofautiana kidogo kwa sababu ya kufupisha desimali. Nikamtumia mteja, nikachukua mkoba.

"Maelezo nimeshampa, bosi. Radhi siombi."