Kocha Alisema Achia

Binti alipoteguka kiwiko, ukumbi mzima wa kunyanyua vyuma ulimsikia kocha Mchina akipaza sauti, na mkalimani akirukia kutafsiri: "Shikilia! Shikilia!" Binti akashikilia, ilhali chuma kilikuwa kimeshavuka kichwa na kinaelekea mgongoni.

Meneja wa timu, waliyemzoea kwa jina la Mama Vyuma, alikuwa mama mdogo wa binti huyo. Alitoka hospitalini amefura kwa hasira, akaenda moja kwa moja ofisini kwa mwenyekiti wa chama cha mchezo huo, kwa sababu mkalimani alikuwa shemeji yake mwenyekiti, mtu aliyeokota Kichina chake kwenye biashara ya vigae. Mwenyekiti alimkaribisha kiti, hakukaa. Akaambiwa ajali haina kinga, na kwamba Kichina ni Kichina, kiwe cha vigae au cha michezo.

"Basi siku ukifanyiwa upasuaji tukuletee fundi cherehani," Mama Vyuma alisema. "Si naye anashona?"

Akaanza kutafuta mkalimani yeye mwenyewe. Ofisi moja ya tafsiri ilimpa mtaalamu wa mikataba, nyingine ikamletea mtembeza wageni. Aliowauliza nyonga inaitwaje kwa Kichina walibaki kumung'unya maneno. Mwishowe kocha wa tenisi ya meza alimpa namba ya mwanamke ambaye kazi yake yote ilikuwa ukalimani viwanjani. Mwanamke huyo alimsikiliza, kisha akamjibu kwa ukavu kwamba nafasi hiyohiyo aliiomba, akaambiwa imeshapata mtu.

"Nitakuja kwa ajili ya huyo mtoto," alisema. "Si kwa ajili ya chama chenu."

Asubuhi aliyofika, aliketi na kocha kwenye benchi. Kocha aliongea kama bomba lililozibuliwa, akasimama, akajishika bega, akaketi tena na kujifunika uso. Mkalimani mpya akamgeukia Mama Vyuma.

"Anauliza kwa nini mlimwacha anyanyue. Anasema tangu afike amekuwa akiwaambia bega la binti halijawa imara, asiongezewe uzito. Na siku ile alisema achia."

Mama Vyuma akakumbuka. Kila kocha aliposhika bega lake, shemeji alikuwa akitabasamu na kusema binti anaendelea vizuri.

Alimkuta shemeji wa mwenyekiti mlangoni, akichezea simu. Shemeji akajitetea kwamba maneno mengine hakuyajua, akaona aibu kuuliza mbele za watu. Mama Vyuma alimshika mkono wa shati, akampeleka nyumbani kwa dada yake, mama wa binti, akamsimamisha mbele ya binti aliyefungwa plasta, akamwamuru ayarudie hayo.

Binti alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama mdogo," alisema, "mtoe humu ndani."

Kesho yake, habari zilipowafikia, wanyanyuaji wote waliketi sakafuni, vyuma vikabaki kwenye stendi zake. Mwenyekiti aliita huo uasi, akatisha, akabembeleza, akatisha tena, kisha akatia saini mkataba wa yule mwanamke. Mazoezi yakarudi, na kocha sasa husikika anavyosema.

Binti hajarudi. Mama yake hataki hata kusikia habari za ukumbi ule. Mama Vyuma naye hupishana na mwenyekiti kwenye korido kila siku ya kazi, na hamwitikii salamu.