Simu Zilizobaki Kichwani mwa Nadhir

Jumatatu moja ya Aprili mwaka 2004, saa mbili na nusu asubuhi, Kaltham alikuwa jikoni kwake Ibra, Omani, akikatakata vitunguu vya biriani ya watu wanane, aliposikia mtu sebuleni anauliza nguru wa Ashkhara wametoka maboksi mangapi. Alikwenda kuizima redio, akaikuta imezimwa tangu jana. Mumewe, Nadhir, alikuwa amelala kwenye kochi na maumivu yake ya kichwa, mdomo kaufumba. Sauti ilikuwa inatoka kwenye sikio lake la kulia. Ilikuwa sauti yake mwenyewe Nadhir, ya miaka sita nyuma, anazungumza na dereva mmoja wa lori aliyekwisha kufa. Kaltham alisikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa marehemu yule alikuwa mcheshi khasa, kisha akarudi kwenye vitunguu vyake.

Nadhir alikuwa mpangaji safari wa kampuni ya malori ya barafu, iliyokuwa ikichukua samaki Ashkhara, pwani, na kuwapeleka Ibra, Nizwa na miji mingine ya ndani. Mwaka 1997 kampuni ilimpa jiesemu, ndivyo kila mtu alivyoiita simu ya mkono, nzito kama jiwe la kusagia pilipili. Akaibandika sikio la kulia, na ukitoa sala na usingizi, hakuibandua kwa miaka saba. Kula alikula nayo.

Na watu wa huku, jamani, hawaambiwi jambo kavukavu. Ukimpigia dereva Mbedui, umuulize kwanza ulumu, yaani habari: hali yake, hali ya mzee wake, ya watoto mmoja mmoja, ngamia, mvua, mitende. Yeye akujibu kwamba hakuna habari, salama. Kisha naye akuulize wewe vilevile, umjibu kwamba hakuna habari, salama. Pakishathibitika pande zote mbili kwamba hakuna habari yoyote, ndipo mnapoweza kuanza kupeana habari. Nadhir kazaliwa Unguja, mambo hayo kayajua ukubwani, na kama kawaida ya mtu aliyejifunza jambo ukubwani, alilizidisha. Madereva wakimpenda. Wengine wakisema hata ndugu zao hawawaulizi vile.

Kichwa kilianza kumuuma Ramadhani iliyopita. Daktari wa Maskati alimpiga picha, akawaonesha uvimbe mkubwa kama ndimu, ndani, nyuma ya sikio la kulia. Aliweka kipimo chake cha kusikilizia pale, akakuta watu wanazungumza habari za barafu, akangoja kwa adabu mpaka wakaagana. Kaltham akamuuliza kama ni ile simu.

"Wako wanaosema ndiyo, wako wanaosema siyo," alijibu daktari. "Utafiti bado unaendelea. Mimi sijui."

Kaltham alimpenda kwa kusema hajui. Lakini moja daktari alilijua: kulikuwa na mpasuaji Bombay aliyeweza kuutoa, iwapo Nadhir atafika kabla ya katikati ya Juni. Baada ya hapo uvimbe utabana mahali pa maneno, na hatosema tena. Kampuni ilikuwa na kanuni ya kuwapeleka nje wafanyakazi wenye ugonjwa uliotokana na kazi. Mwenye ugonjwa wake mwenyewe alijipeleka mwenyewe, na hao kina Nadhir hawakuwa na uwezo huo. Kwa hivyo Kaltham alitaka karatasi moja tu ya kampuni, yenye mstari mmoja, kwamba mumewe kaumwa kwa ajili ya kazi. Aliogopa, wala hakuficha. Miaka thelathini na moja alikaa na mtu asiyekwisha maneno. Ataanzaje sasa kukaa na gogo?

Kampuni ilileta kamati. Kamati ilikuwa ya watu wawili: Adham, mkuu wa wafanyakazi, ambaye kwao ni Kigoma, na karani wake Thuwaini, mtu wa makamo, mpole, aliyevaa shingoni saa ya kuhesabia sekunde kama ya mwamuzi wa mbio.

"Shikamoo, mama," alisema Adham akivua viatu.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni ndani."

Walikaa siku tatu. Kaltham aliwapa kahawa, tende na mandazi. Nadhir alikaa katikati yao, kanzu imepigwa pasi, kichwa kakiinamisha upande wa kamati wapate kusikia vizuri. Simu zilikuja bila mpango: ya mwaka 2001, ya 1998, ya mwezi jana. Mara moja moja alinong'ona kujisahihisha. "Lo! Huyu mtoto wake wa tatu nilimsahau," alisema, na akaona haya kweli.

Adham alimwambia Kaltham pale pale siku ya kwanza: "Mama, kampuni haibishi tena kwamba simu zimeingia kichwani. Tunazisikia wote. Ishu ni moja tu: nani kaziingiza."

Prosija, kama Adham alivyouita utaratibu wake, ilikuwa nyepesi. Ikianza salamu, Thuwaini anabonyeza saa. Likitajwa kwa mara ya kwanza neno samaki, au barafu, au lori, anabonyeza tena. Kabla ya hapo ni mazungumzo binafsi, baada ya hapo ni kazi. Simu ya dakika kumi na mbili ilitoka na dakika kumi na moja za binafsi na moja ya kazi. Kuna moja ya dakika ishirini ambayo samaki hawakutajwa kabisa, kwa vile wote wawili walikuwa wanajua.

"Asipowaamkia madereva hawapakii," alisema Kaltham. "Muulize mtu yeyote Ashkhara. Salamu ndiyo kazi yenyewe."

"Kampuni ilimpa simu ya samaki, mama. Salamu ni hisani yake."

Siku ya tatu, karibu na adhuhuri, Kaltham aliingia na birika la kahawa. Sikio la Nadhir lilikuwa limenyamaza kitambo. Kisha likasema: "Kaltham? Usiningoje kula, nna kazi." Sauti ya mwanamke ikajibu, "Haya." Simu ikakatwa.

Thuwaini aliangalia saa yake. Sekunde sita.

Kaltham aliweka birika chini. Alizungumza kwa sauti ambayo wageni hawasemeshwi nayo.

"Mimi ndiye mkewe, Bwana Adham. Mnasema salamu ni mambo yake binafsi. Binafsi yake ni nani kama si mimi? Mbona mimi sikupewa hata moja? Kaniuliza mamangu hajambo? Kaniuliza watoto? Yule wa malori kamuuliza mpaka ngamia wake! Salamu zangu zote imezila kazi yenu, leo mnaniambia hazikuwa kazi?"

Nadhir alikuwa ameinamisha uso. "Kweli," alisema. "Wallahi, kweli, Kaltham."

Adham alifikiri. Hakuwa mtu mbaya, na maneno yalimgusa. "Hiyo ni pointi, mama," alisema. "Thuwaini, iandike."

"Niandike upande gani?" aliuliza Thuwaini.

Adham alifikiri tena. "Si alikuwa anazungumza na mkewe? Binafsi."

Thuwaini akazijumlisha zile sekunde sita.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Ilisema kwamba kampuni inakubali kuwa mfanyakazi wake ana simu kichwani, kwamba kwa vipimo vya kamati sehemu kubwa ya simu hizo ni salamu, kwamba kwa hivyo ugonjwa umetokana na salamu, na kwamba kampuni inamwombea shifaa na uzima. Kaltham alikwenda mpaka Nizwa kuonana na wakubwa wa kampuni. Walimpokea vizuri, wakamuuliza hali yake, ya watoto na ya njia, halafu wakamsomea barua ile ile kwa sauti.

Juni ilifika, tende zikaanza kubadilika rangi. Nadhir alipoteza kwanza majina ya samaki, ambayo nyumbani hakuwa na haja nayo. Yakafuata majina ya watoto. Jina la Kaltham lilikuwa la mwisho. Alilitamka asubuhi moja akiwa anavalishwa, mara mbili, na mchana hakuwa nalo tena. Kaltham aliingia jikoni, akafungua bomba ili lipige kelele, akalia. Sikio halikuathirika. Liliendelea kuuliza watu hali zao kutwa nzima.

Kampuni nayo ilihitaji mpangaji mpya, na simu ikapewa Thuwaini, kwa kuwa hakuna aliyezisikiliza simu zile zaidi yake. Thuwaini aliifanya kazi kama alivyoipima. Aliwapigia madereva wa Ashkhara na neno la kwanza likawa samaki. Wa kwanza alimkatia. Wa pili alisema gari lina ubovu. Wa tatu alizima injini, akaenda kulala kivulini, na mpaka alasiri ya Alkhamisi maboksi mia tatu ya nguru yalikuwa yamevunda pwani, na harufu yake, wanasema watu, ilifika nusu ya njia ya mji wa Sur.

Jumamosi Thuwaini alibisha hodi kwa Kaltham. Alikuwa na daftari, na barua ya kampuni ya kumruhusu kukaa na Nadhir kila siku kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana. Alikaa ubavuni mwake, simu kaibandika sikio la kulia, akisikiliza namna Nadhir anavyouliza, na yeye akiwauliza madereva vivyo hivyo, neno kwa neno, mpaka ngamia. Madereva wakaanza kupakia.

Kaltham alimpelekea kahawa, na alipoinama aliisoma ile barua iliyokuwa juu ya daftari. Juu kabisa ilikuwa imeandikwa: Mafunzo ya Kazi. Aliisoma mara mbili. Kisha akenda kwenye simu ya nyumbani, akampigia Adham.

Adham alimwamkia, akamuuliza hali yake, ya mzee Nadhir, ya watoto wote. Kaltham alimwacha amalize.

"Kwa hivyo salamu ni kazi?" aliuliza.

"Kuanzia tarehe mosi ya mwezi huu, mama, ndiyo."

"Na za nyuma?"

"Za nyuma zina faili lake, mama, na lile limeshafungwa."

Kaltham akamuaga. Saa saba ilikuwa imeingia, na Nadhir alikuwa hajala. Akampakulia uji, akakaa upande wa kushoto wa kochi, kwa sababu wa kulia alikuwapo Thuwaini, akaanza kumlisha.