Chupa Bubu

Chupa namba thelathini na saba haikuwa na kitu. Ilikuwa na maji na tindikali, basi. Hata chembe moja ya jani la mhindi haikuwemo, na Mama Kinu alilijua hilo kwa sababu aliijaza kwa mikono yake mwenyewe. Sasa karatasi ya majibu iliyoletwa mezani kwake asubuhi hiyo ilisema chupa namba thelathini na saba ina naitrojeni asilimia mbili nukta nane. Yaani mhindi mzima wa afya, umekula ukashiba. Maji yameota majani, jamani.

Alisoma tena. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lake jeupe, akasoma mara ya tatu.

Tuelewane kwanza. Mwanamke huyu alikuwa fundi wa maabara katika kituo cha utafiti wa lishe ya mimea, mwaka wa ishirini na sita huo. Majani humfikia kutoka mashambani yakiwa kwenye mifuko ya karatasi. Huyakausha kwenye tanuri, huyasaga kwa kinu cha umeme mpaka yawe unga laini, ndipo alipopatia hilo jina, kisha huupima unga, huuchemsha katika tindikali mpaka uyeyuke wote, na kuumimina katika chupa ndogo. Chupa arobaini huenda chumba cha pili kwenye mashine, na mashine ndiyo husema jani lilikula nini shambani na lilinyimwa nini. Lakini katika arobaini hizo moja huwa haina jani. Watu wa maabara huiita bubu, maana haitakiwi kusema neno. Mashine ikimpitia bubu lazima isome sifuri. Ikisoma kingine chochote kuna uchafu mahali, kazi irudiwe. Mama Kinu humweka bubu wake popote apendapo, leo wa tano, kesho wa thelathini, na mahali pake hupaandika kwenye daftari dogo linalolala mfukoni mwake. Hamwonyeshi mtu.

Na mwendesha mashine ni nani? Mdogo wake wa tumbo moja, kitinda mimba, aliyedekezwa na nyumba nzima. Ni yeye dada mtu aliyemwombea hiyo kazi, nusura apige magoti. Ofisini walimwita Bwana Mashine, na alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi. Tangu aingie, Mama Kinu hakumkagua bubu hata mara moja. Amkague wa nini, na ni damu yake? Karatasi ikija alitia sahihi, akarudi kwenye kinu.

Kilichomfumbua macho safari hii ni mahindi ya mama yao. Msimu uliopita kituo kilitoa kipeperushi: majani yamepimwa, mimea ya ukanda ule imeshiba, kwa hiyo mkulima apunguze mbolea ya kukuzia kutoka kifuniko kimoja cha soda kwa kila shina hadi nusu, na atavuna kile kile. Mama yao alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima. Akafuata neno kwa neno, na wenzake akawahimiza wafuate. Mahindi yakageuka njano kuanzia majani ya chini, yakazaa vigunzi vya ukubwa wa kidole gumba. Bwana Mashine alipokwenda kusalimia alicheka mpaka akashika mbavu, akasema mama umezeeka, umekosea vipimo. Na mama akaamini! Tangu siku hiyo kila akipiga simu ni habari ya macho yake mabovu, mikono yake inayotetemeka, na aibu aliyowatia wanawe wasomi. Uenyekiti ameuacha. Na sasa kipeperushi kipya, cha kuwaambia watu wale wale washuke mpaka robo kifuniko, kilikuwa kinangoja sahihi moja tu ya Mama Kinu kiende kuchapwa siku hiyo hiyo.

Aliinuka na karatasi yake, akaenda chumba cha mashine bila kubisha hodi.

Bwana Mashine alikuwa ameegemea kiti, miguu juu ya meza, anatafuna karanga. Maganda membamba ya karanga yalikuwa yamejaa kwenye vitufe vya mashine, na mashine yenyewe ilikuwa imefunikwa taulo. Taulo la kuogea. Dada mtu aliuliza chupa ziko wapi, akajibiwa zimeshamwagwa, zimeoshwa, karibu karanga. Alitaka kuziona hizo zilizooshwa. Aliinama akafungua kabati la chini ya sinki.

Harufu ilimpiga usoni akarudi nyuma hatua mbili. Kulikuwa na bakuli la chakula cha wiki iliyopita au ya kabla yake, kimeota manyoya ya kijani, na ndani ya manyoya funza wanatembea hawana haraka. Kulikuwa na matambara ya ukungu, kandambili moja na mende. Na nyuma ya hayo yote, zimesukumwa ukutani, chupa zake arobaini, vizibo vimekazwa vile vile alivyovikaza. Hata moja haijafunguliwa. Siku nne alizosimama kwenye moshi wa tindikali mpaka kifua kikamwasha, zimelala hapo na funza.

Alizitoa moja moja akiwa ameziba pua, akazipanga kwenye kreti. Mdogo wake alishusha miguu. Maelezo yakaanza kumtoka, kwanza kwa mzaha, halafu kwa sauti ndogo. Taa ya mashine iliungua mwanzoni mwa msimu uliopita, alipoimwagia chai. Aliogopa kusema, maana kitumbua kingeingia mchanga hata hajaonja mshahara vizuri. Akaandika tarakimu za siku moja akingoja fundi, fundi hakuitwa, akaandika za siku ya pili. Kisha akagundua hakuna anayeangalia.

"Mahindi ni mahindi, dada," alisema. "Yanacheza kati ya mbili na tatu. Mimi sikuzidisha."

Punje ya karanga ilikuwa imemganda pembeni mwa mdomo. Huyu ndiye mtoto ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimfuta makamasi. Mama Kinu alimtazama, na kinyaa alichokisikia kilikuwa kile kile cha bakuli la funza, wala hakikupungua kwa kuwa ni ndugu. Alimuuliza kama siku ile alipomcheka mama alikuwa anajua. Akainamisha kichwa. Alikuwa anajua.

"Nifanyie lolote utakalo," akasema. "Ila mama usimwambie."

Dada mtu alibeba kreti, akapanda nayo ngazi hadi kwa Mkuu wa utafiti. Ofisi ile ilinukia maua ya chupani, na meza yake ya kioo unaweza kujitazama ukachana nywele. Aliitua kreti katikati ya kioo, ikiwa na ute wake na vinyesi vya mende. Mkuu alitoa leso akaziba pua. Alimsikiliza mpaka mwisho, bila kumkatiza, akitikisa kichwa kwa huzuni ya kiungwana, na Mama Kinu akaamini kwamba mzigo umepata mwenyewe.

Mkuu akauliza kitu kimoja tu, ni namba ngapi ile iliyokuwa tupu. Alipojibiwa alivuta karatasi ya majibu, akatafuta rula, akapiga mstari mwekundu ulionyooka juu ya thelathini na saba.

"Thelathini na tisa zinatosha," alisema. "Tia sahihi, Mama. Mchapaji anasubiri."

Mama Kinu alidhani hakusikia vizuri. Akaanza kueleza upya kwamba si chupa moja, ni zote, na ni msimu uliopita vile vile, na watu wamelima njaa kwa kufuata uongo. Mkuu aliinua kidole. Alifungua kabati, akatoa faili la msimu uliopita, akaligeuza kumwelekea na kulisogeza kwa ncha ya kalamu, kama anayeogopa kuchafuka.

Sahihi ilikuwa pale chini. Ni ya Mama Kinu mwenyewe, wala haikughushiwa. Ule mkia mrefu wa herufi ya mwisho anaojivunia tangu shule. Alitoa daftari mfukoni, akafunua ukurasa wa siku ile. Bubu wa karatasi ile alikuwa namba kumi na mbili. Kwenye faili, namba kumi na mbili ilisoma mbili nukta tisa. Mstari mmoja. Angepitisha jicho mara moja tu angeuona.

"Tukianza kuchimbua," Mkuu alisema polepole, "tutaanzia kwako."

Sasa karaha ikabadilisha mwelekeo. Mkuu alikuwa mchafu, mdogo wake mchafu, sawa. Lakini aliyefungua mlango uchafu ukapita ukaenda mpaka shambani kwa mama yake ni nani? Alijisikia kunuka. Kalamu aliyowekewa hakuigusa. Alitoka, kreti akaiacha iendelee kutoa harufu pale pale, na karatasi haikuwa na sahihi.

Kwenye ngazi alimkuta mdogo wake anamngoja. Alipoiona simu mkononi mwa dadake alianza kuomba upya, akimshika kiwiko. Mama Kinu aliuondoa mkono wake, akampigia mama.

Mama yao aliitika kwa furaha. Hata salamu hazijaisha alikwishaanza: asiwe na wasiwasi, msimu huu amepata binti wa jirani mwenye macho makali wa kumpimia, hatawatia aibu tena.

"Mama, hukukosea vipimo," Mama Kinu alisema. "Karatasi ndiyo ilikuwa ya uongo. Mwanao alizibuni zile hesabu, nami nikatia sahihi."

Kuku walisikika kwa mbali, na mtu akipasua kuni. Mama hakupaza sauti alipouliza.

"Kabla ya kutia hiyo sahihi uliisoma karatasi?"

"Sikuisoma, mama."

"Mimi kipeperushi nilisomewa na jirani, mwanangu, kwa kuwa sijui kusoma. Wewe ulikuwa na udhuru gani?"

Mama Kinu alimwambia kwamba kesho atakuja, asimame mbele ya kikundi aseme yote mwenyewe. Kisha akamgeukia mdogo wake, aliyekuwa ameficha mikono nyuma ya mgongo, akamvuta mkono mmoja na kumwekea simu kiganjani, mama bado akiwa anasikiliza.