Daftari Nililolichoma

Mjukuu wangu, binti wa marehemu mwanangu, ana mchezo wa kutisha kwenye kompyuta, wenye sehemu nne. Kila aliporuka kitini nilimwuliza, "Kuna nini humo?" Alicheka tu. "Bibi, wewe utazimia."

Siku moja nikitandika kitanda chake nilikuta daftari chini ya mto. Mimi niliishia darasa la tatu, nasoma herufi mojamoja. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya mwanamke asiye na macho, na majina ya watoto waliokufa. Sikufungua wa pili. Nililichana, nikalitia jikoni, nikabandika chai juu yake.

Aliporudi kutoka shuleni nikamwambia kwa kujigamba, "Uchawi wako nimeuchoma."

Hakulia. "Bibi, ile ni hadithi ya mchezo. Imefichwa vipande vipande, kwenye barua na madroo ya sehemu zote nne. Nimeikusanya mwaka mzima. Yule mama hali watoto, anatafuta wanawe. Hukuona nilivyoandika herufi kubwakubwa? Si ulikuwa unauliza kila siku? Nilikuandikia wewe."

Nilitamani ardhi inimeze. Ile chai hakuna aliyeinywa.

Kesho yake nilinunua daftari, nikachonga penseli, nikaketi kando yake.

"Nisimulie, mama. Safari hii naandika mimi."

"Bibi, utamaliza lini?"

"Ndiyo maana nimekuja mapema."

Hakucheka, wala hakunitazama. Ila alianza polepole, neno mojamoja, ili mkono wangu umfikie.